Ubao wa Mikono Miwili

Gari lilipoacha vilima vya Muleba na kuanza kuteremka kuelekea Ngenge, migomba ilipungua, ikabaki mmoja hapa na mmoja kule, kisha ikawa nyasi tu na vichuguu. Upande huo sikuwahi kuufikia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Landrova na betri ya gari katikati ya miguu, na kila tulipoingia shimoni mwanamke aliyekaa mkabala nami aliniuliza swali lilelile.

"Betri haijamwagika?"

"Haijamwagika."

"Basi na wewe u mzima."

Yeye mwenyewe alikuwa amepakata mlango. Ulikuwa mlango wa kabati, umeviringishiwa kipande cha godoro na kufungwa kwa kanga mbili, naye aliukumbatia kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Jina lake Mwamvita, fundi wa mashine za chapa wa Ijuganyondo, Bukoba, mjane wa Shaban. Ilikuwa Juni 1992, alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na siku hiyo alikwenda kuonyesha kwamba mlango ule wa kabati unaweza kufanya kazi ambayo kibodi ya kompyuta imeshindwa kuifanya.

Mbele, kando ya dereva Uledi, alikaa Bwana Bartholomayo, mkaguzi aliyetumwa kutoka Dar es Salaam na mradi uliokuwa ukiandikisha watoto waliofiwa na wazazi. Shauri lake alikuwa ameshalitamka mara mbili tangu Bukoba: kama hadi alasiri bibi mmoja wa Ngenge hatakuwa ameandikisha kaya yake mwenyewe, bila mtu kumsemea wala kumshika mkono, ubao wa Mwamvita, yaani mlango ule, utaingia stoo na makarani watarudi na fomu zao. Bibi wa kujaribiwa alimchagua mkaguzi mwenyewe. Aliitwa Clotilda. Katika fomu tatu zilizopita, karani wa kijiji alikuwa ameandika mbele ya jina lake maneno yaleyale: amekataa kujibu.

"Umemchagua mgumu kuliko wote," Mwamvita alimwambia akipaza sauti juu ya mngurumo.

"Mrahisi angenionyesha nini?"

"Haya, baba. Lakini akikataa na leo, utasema ni ubao."

"Nitasema ni ubao," alisema Bartholomayo bila kugeuka.

Uledi akacheka peke yake. "Mama Mwamvita, ukishindwa nitaununua mimi. Kabati langu halina mlango."

Nilimfahamu Mwamvita kwa sababu mashine yangu ndogo ya chapa ilivunjika njiani kutoka Mbarara, na kila niliyemuuliza Bukoba alinielekeza nyumba ileile. Aliitengeneza kwa dakika ishirini. Nilibaki kwake siku nne, kwa sababu ya mlango ule niliouona mezani ukiwa umejaa nyaya.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepita katika maonyesho ya mashine huko Ujerumani. Walinivika glavu yenye nyaya, nikafumba ngumi, na mkono wa kuchorwa ukafumba ngumi kwenye skrini. Kibanda cha pili mtu alizungumza na kompyuta, ikamwandikia neno moja sahihi katika matatu, watu wakapiga makofi. Kwingine kalamu iliandika juu ya kioo. Vijana waliovaa tai waliniambia, kwa lugha tatu, kwamba kibodi na kipanya vitakuwa vitu vya makumbusho kabla watoto wao hawajaoa. Huenda. Lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza mkono utakaoigusa mashine umelelewa wapi. Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza Ijuganyondo, chini ya bati, kutoka kwa mwanamke mwenye skrubu mdomoni.

Alizaliwa mjini Bukoba. Babu yake alitoka pwani akaoa Mhaya, kwa hiyo nyumbani walisali msikitini na kugombana kwa Kihaya. Alipokuwa na miaka kumi na saba alianza kujifunza taipu kwa Manorama, mke wa Jamnadas mwenye duka la vitambaa, aliyefundisha wasichana katika chumba cha nyuma. Manorama aliwafunika vidole kwa leso ili wasitazame herufi. Mashine zilipoharibika, fundi wa karibu alikuwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa, basi Mwamvita akaanza kuzifungua mwenyewe.

"Manorama alisema nina vidole vya mwizi," aliniambia. "Sifa kubwa kuliko hiyo hakuwahi kunipa."

Jamnadas na mkewe walipohama, walimwachia kabati moja na mashine tatu ndani yake. Ndilo kabati lililotoa ule mlango.

Mwaka 1978 ndege za vita zilipopita juu ya Bukoba, mji ulihama kwa miguu. Watu walibeba magodoro, masufuria, mbuzi. Mwamvita alijitwika mashine ya chapa. Alifika nayo Kanazi, na kwa kuwa hapakuwa na nyingine, wakampa meza chini ya mti wa kahawa aandike majina ya waliokimbia kutoka mpakani, ili wagawiwe chakula na waliouawa wajulikane. Aliandika siku nane.

Siku ya tano alifika mzee anayeitwa Lameki. Alikuwa ameacha mwanawe amekufa ng'ambo ya Kagera. Alitaja jina la kijana huyo, Byabato, kisha akaomba jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliomba: aliandike mwenyewe. Hakuwahi kushika kalamu. Akainama, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya herufi, polepole, kama watu wa huko wanavyompa mkubwa kitu cha heshima. Vyuma vya mashine vikainuka kwa pamoja, vikashikana, kimoja kikakatika. Karatasi ikachanika.

"Nikampigia kelele," Mwamvita alisema. "Nikainua kidole hiki, nikamwonyesha usoni. Kidole kimoja, mzee! Kimoja! Alikitazama kile kidole. Akavaa kofia yake, akatoka kwenye foleni."

"Ukamwandikia?"

"Jina nilikuwa nalo, alishanitajia. Ningeweza kuliandika. Lakini chuma kimekatika, watu wamejaa, nami nimekasirika. Kesho yake nikamtafuta, wakasema amepita kwenda Muleba. Byabato hakuingia kwenye orodha ile. Hayumo mpaka leo."

Aliyasema hayo akiendelea kulehemu, na moshi ukimpanda usoni.

Chuma cha kulehemu kilikuwa cha Shaban. Mumewe alikuwa fundi redio, akafa mwaka 1988 kwa Ukimwi, ugonjwa ule ambao mwanzoni watu wa Bukoba waliupa jina la shati la magendo, wakauita Juliana. Dada yake Mwamvita alikuwa ametangulia. Mwamvita akabaki na watoto wake wawili na watatu wa dada. Watu walimshauri aseme Shaban alikuwa na kifua kikuu. Hakusema. "Nilikuwa na watoto watano wa kulisha," aliniambia. "Aibu ningeiweka wapi humu ndani?"

Mradi ulimwajiri mwaka 1991 aingize fomu za makarani katika kompyuta. Aliingiza fomu mia sita, na ya mia sita ilipokwisha akamwambia bosi wake kwamba nyingi ni za uongo. Karani humuuliza bibi mbele ya majirani: una yatima wangapi? Bibi hujibu hana, maana mtoto wa mwanawe ni mwanawe, na kumwita yatima ni kumfukuza nyumbani. Akiulizwa mzazi alikufa kwa nini, hunyamaza. Na wengine Kiswahili chenyewe wanakipata kwa taabu, hasa kile cha fomu.

Wafadhili wakatuma ubao laini wa plastiki wa kuchomekwa kwenye kompyuta, wanaoutumia watoto wa chekechea huko kwao. Unabandika picha juu yake, mtu anagusa picha, kompyuta inaandika. Mwamvita akachora picha, akaupeleka Kanazi kwa mabibi kumi na wawili. Wote kumi na wawili waliugusa kwa mikono miwili. Ubao ule ulijua kidole kimoja tu, kwa hiyo ukapiga yowe, pii, pii, pii, na mabibi wakarudisha mikono kana kwamba wamekemewa na mtoto.

Akaandika barua kueleza. Jibu lilikuja la mistari miwili: wafundishwe kutumia kidole kimoja.

"Nimfundishe mama mzima utovu wa adabu?" aliniambia. "Kidole kimoja ni cha kumwonyeshea mbwa aliyekula nyama. Nilishamfundisha mtu mmoja Kanazi. Yatosha."

Basi akaung'oa mlango wa kabati. Alichora picha nane: mtoto wa kike, mtoto wa kiume, mama hayupo, baba hayupo, shamba, paa, daftari la shule, na mlango uliofungwa, maana yake nimemaliza. Mwanzoni mama aliyefariki alimchorea kaburi, lakini hakuna bibi aliyekubali kuweka mikono juu ya kaburi, basi akachora kanga iliyokunjwa. Kwa baba alichora kofia juu ya msumari. Chini ya kila picha aliweka viganja viwili vya karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara, kimoja kushoto na kimoja kulia, juu yake godoro lililotobolewa, juu yake karatasi ya kung'aa tena. Umeme hupita kiganja cha kwanza, ukavuka hadi cha pili, ndipo uifikie kompyuta. Mkono mmoja ni nusu ya daraja. Kuku alitembea juu yake Kanazi kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuandikisha mtoto hata mmoja. Kwa kuwa mabibi hawasomi skrini, alichomoa kengele ya mashine ya Manorama, ile inayolia mwisho wa mstari, akaiunganisha na ubao. Mikono miwili ikitua, inalia mara moja.

Nyaya zake alizilehemu ndani ya kibodi ya kompyuta, akiwa ameipasua tumbo. Kabla ya kuipasua aliandika neno la mwisho kwa vidole. Nilimuuliza neno gani. Akasema, "Byabato."

Tulifika kwa Clotilda saa tano asubuhi. Ua lilikuwa limefagiwa, kahawa imeanikwa juu ya mkeka, na nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba michache aliyoilazimisha kuota katika udongo ule mkavu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi. Mwamvita alipiga magoti kumsalimu kwa Kihaya, wakasalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watu ambao wote wawili hawakuwajua. Sisi wanaume tulisimama juani.

Mwamvita aliulaza ubao kwenye mkeka, akachomeka betri, akafungua kompyuta, akaingiza namba ya kaya. "Kazi yangu imekwisha, mukaka," alisema, akimwita bibi kwa Kihaya. "Sasa mashine ni ya kwako. Mimi nakaa kule." Akaenda kukaa kwenye kizingiti, mbali, akaficha mikono chini ya mapaja.

Clotilda hakusogea. Alitazama picha, kisha akamtazama Bartholomayo.

"Aanze yeye."

Bartholomayo akacheka kidogo, akainama akiwa bado amesimama, akabonyeza picha ya paa kwa kidole cha shahada. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Kimya.

"Imekufa," alisema, akimgeukia Mwamvita. "Umeona? Kilomita zote hizi."

Mwamvita alizidi kuikalia mikono yake. Alikuwa ameahidi kutosema neno.

"Wewe ni mtoto wa wapi?" Clotilda aliuliza.

"Kamachumu, mama. Nimezaliwa Kamachumu, ila nimekaa sana Dar."

"Ndiyo naona. Na huko Dar es Salaam walikukata mkono mmoja?"

Uledi aligeuka akajifanya anatazama tairi. Bartholomayo alitazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa mfukoni.

"Chuchumaa, tata," bibi alisema kwa upole, akimwita baba kwa Kihaya. "Hicho kitu ni kigeni, kimekuja nyumbani kwangu. Kisalimie vizuri."

Mkaguzi alichuchumaa. Suruali yake ya kitambaa kizuri ikagusa vumbi. Akaweka mikono yote miwili juu ya paa lililochorwa, na kengele ya Manorama ikalia, ting, safi kabisa, katika ua ule wa Ngenge.

"Heee!" alisema, kwa sauti isiyokuwa ya mkaguzi hata kidogo. Akaweka tena. Ting.

"Yatosha, utaniandikia mapaa mawili," alisema Clotilda. "Niachie."

Mwamvita akaja, akafuta majaribio yale, akarudi kizingitini. Bibi akapiga magoti mbele ya ubao, akafuta viganja vyake kwenye kanga. Akaviweka juu ya mtoto wa kike. Ting. Akavihamishia kwenye kanga iliyokunjwa, akakaa nayo kidogo. Ting. Kofia. Ting. Daftari akaliruka. Mtoto wa kike wa pili, kanga, kofia. Kuku mmoja alikuwa akilia nyuma ya nyumba, na mbali mtu alikuwa akikata kuni. Mtoto wa kiume, kanga, kofia, daftari. Wa nne, vilevile. Nimesikia misa katika makanisa makubwa ya nchi nyingi, na sijui kama nimewahi kuona mikono ikitembea kwa uzito kama ule.

Mtoto wa tano alikuwa wa kiume. Kanga, ting. Kisha mikono ilifika juu ya kofia, ikasimama hewani, ikarudi mapajani. Tukangoja. Niliona Mwamvita ameinama mbele. Bibi akaiacha kofia, akagusa daftari, akagusa shamba, akagusa paa, akamaliza na mlango uliofungwa.

Bartholomayo alisoma skrini. "Watoto watano. Wawili hawasomi. Wa tano, baba yupo hai." Akachutama tena, safari hii bila kuambiwa. "Mama, hayo yote uliyajua. Mbona karani alikuja mara tatu ukakataa?"

Clotilda alitazama kando kwanza, kuhakikisha kwamba karani hayupo. Hakuwepo, Bartholomayo mwenyewe alikuwa ameagiza asije.

"Karani wenu ni mdogo wa baba yake huyo mtoto," alisema. "Kwao wanasema mtoto si wao. Ulitaka nimwambie nini, mbele ya watu, aandike kwa kalamu yake?"

Mkaguzi akatoa fomu tatu za zamani kwenye mkoba, zile zenye maneno amekataa kujibu, akazikunja katikati na kuziweka chini ya betri, pale ilipokuwa inayumba.

"Mama Mwamvita," alisema, "leo jioni kuna meli ya kwenda Mwanza. Tukiondoka sasa tunaiwahi. Jumatatu nataka ubao huu uwe mezani Dar es Salaam, na wewe nyuma yake."

"Mbele yake," alisema Mwamvita. "Wao ndio watakaokaa nyuma. Na meza hakuna, baba. Unakaa chini."

"Watachuchumaa?"

"Wewe umechuchumaa, umekufa?"

Mwamvita alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akasimama, akajinyoosha, akatazama ule ua kana kwamba ameujenga yeye. Nilimuuliza atawaambia nini wakubwa wa Dar watakapomuuliza alisomea wapi.

"Nitawaambia nilisoma kwa Manorama, kwa Shaban, na kwa mzee mmoja wa Kanazi niliyemkosea. Wakitaka cheti, nitawaambia waweke mikono waisikie kengele."

Wakaanza kufungasha. Hapo ndipo Clotilda alipotoka jikoni na kisu mkononi, akaona betri imeshapandishwa garini.

"Kuku nimeshachinja," alisema. "Wote mnaondoka?"

Hata mimi, mgeni, nilielewa kwamba kuondoka wote na kuku ameshachinjwa ni jambo lisilofanyika. Bartholomayo alitazama saa. Uledi alitazama angani. Mwamvita akanigeukia, na kwa kuwa hakutaka kunionyesha kidole, aliniinulia viganja vyote viwili kama anayetoa mahari.

"Huyu atabaki, mukaka. Atakula kwa niaba yetu sote. Ni mwembamba lakini anajitahidi."

"Gari litarudi lini?" niliuliza.

"Kesho," alisema Uledi. "Au keshokutwa, shimo likipenda."

Katika nafasi yangu nyuma wakailaza kompyuta, wameifunika shuka kama abiria mwenye homa. Mwamvita alipanda mwisho. Clotilda alimpa kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa jani la mgomba, naye aliulaza ubao magotini kwanza ndipo akakipokea, akakitia kifuani, akaukumbatia tena mlango wake.

Landrova ilitoka uani, ikapita vichuguu, ikaanza kupanda kurudi kwenye vilima vyenye migomba. Nilimpungia. Hakunipungia. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, lakini alitoa kichwa nje ya turubai akapaza sauti, na neno lilifika hadi kwetu kabla vumbi halijamfunika:

"Ule, usiinuke mpaka uitwe msibani! Usinitie aibu!"